Siku Kanze Alipojisemea

"Mimi nina wake watatu," alisema Kanze, "na goti la kushoto linanisumbua tangu mvua za mwaka juzi, lakini si hilo lililonileta hapa."

Hakuna aliyecheka. Watu zaidi ya mia walikuwa wameketi kwenye uwanja wa shule ya msingi, wanaume upande wa mlingoti wa bendera, wanawake upande wa tangi la maji, na hakuna hata mmoja aliyeona ajabu mwanamke wa miaka arobaini na miwili, leso ya manjano kiunoni, kudai wake watatu mbele ya chifu. Aliyeshtuka alikuwa afisa wa ardhi peke yake. Alikuwa mgeni, jina lake Zipporah, ametumwa kutoka Hola asubuhi ile na kishikwambi chake na viatu vyeupe ambavyo matope ya mto Tana yalishaanza kuvizoea. Aliinua kichwa.

"Wake watatu?"

"Si mimi, madam. Ni yeye." Kanze alielekeza kidevu kwa Mzee Abduba, Muorma mrefu aliyesimama mbele yake akiegemea fimbo. "Mimi namtafsiria."

"Na goti?"

"Goti pia ni lake."

Afisa alifuta kitu kwenye kishikwambi. Chifu alijifanya anakohoa.

Kijiji chenyewe kiko baada ya Garsen, kabla hujafika Wema, na kwa kuwa jina lake halikuwemo kwenye ramani ya afisa, hata hapa linaweza kungoja. Wapokomo wanalima kingo za mto. Waorma wanaleta ng'ombe kunywa maji. Wagiriama waliopanda kutoka kusini wamejibana katikati na kulima panapobaki. Wote wanajua Kiswahili cha kutosha kununua nyanya, kuuza maziwa na kumtukana mtu wa bodaboda. Ila shamba ni habari nyingine. "Mtu haongei ardhi ya baba yake kwa lugha ya kununulia nyanya," Mzee Abduba alipenda kusema, tena kwa Kiorma, ili asijipinge. Kwa hiyo kila baraza lilihitaji mtu wa kuhamisha maneno kutoka mdomo huu hadi sikio lile, na mtu huyo alikuwa Kanze. Kigiriama alinyonya kwa mama yake. Kipokomo aliolewa nacho. Kiorma alikiokota soko la Garsen, miaka mingi ya kuuza viazi vitamu kando ya akina mama wa maziwa. Kiswahili alipewa na shule, mpaka darasa la nane, shule ilipochoka naye au yeye alipochoka nayo. Habari hizo zina matoleo mawili.

Alikuwa na utaratibu wake. Husimama nusu hatua nyuma ya mwenye kusema. Hatii chumvi, wala haipunguzi iliyotiwa. Mtu akilaani, naye analaani, kwa sauti ileile ya mtu anayesoma bei ya unga. Katika miaka kumi na mmoja alishakuwa mzee mwenye ngiri, kijana aliyesingiziwa kuiba nyavu, mama mkwe aliyetishia kurudi kwao na hakurudi, na siku moja daktari wa mifugo aliyeeleza jinsi ya kuhasi madume. Siku hiyo alitafsiri vizuri mno hata wanaume wa mstari wa mbele wakakunja miguu. Malipo yake yalikuwa soda ya machungwa na kiti cha plastiki kivulini, ambacho hakukikalia hata siku moja, kwa sababu anayetafsiri akikaa haonekani.

Katika miaka hiyo kumi na mmoja hakuna aliyewahi kumuuliza yeye mwenyewe anasemaje. Si kwa ubaya. Nani anaiuliza spika ya msikiti kama imeswali?

Mzee Abduba aliendelea, Kanze akamfuata. Alitaka iandikwe kwamba malka, njia ya ng'ombe kwenda mtoni, inapita kati ya ardhi ya shule na shamba la marehemu Komora, na kwamba mtu yeyote asije akaiziba kwa seng'enge. Kanze alilitafsiri hilo bila kupepesa, ingawa marehemu Komora alikuwa mumewe, na shamba lenyewe ndilo aliloinama juu yake peke yake kwa miaka minane tangu amzike.

Afisa aliandika. Mzee Abduba akaketi, kwanza goti la kulia, kisha lile la kesi.

Sasa, kuna jambo lilitokea mapema asubuhi ile, na bila hilo siku ingepita kama siku nyingine za soda ya machungwa. Kabla ya kuanza kuandika majina ya wenye mashamba, afisa alisimama akasoma kipande cha Katiba. Alikisoma haraka, kama mtu anayesoma masharti ya bahati nasibu: kwamba kila mtu, peke yake au pamoja na wengine, ana haki ya kupata na kumiliki mali popote nchini Kenya. Kanze alikichukua, akakiweka kwa Kipokomo. Akakichukua tena, akakiweka kwa Kiorma. Kijana mmoja wa Kiorma akauliza kutoka nyuma: "Kila mtu? Hata mwanamke?" Kanze akaleta swali kwa afisa. Afisa akasema, "Hata mwanamke." Kanze akalirudisha jibu kwa Kiorma, kisha kwa Kipokomo, maana na Wapokomo walitaka kujua Waorma wameambiwa nini.

Alipokuwa amelisema mara ya tano ndipo alipolisikia.

Lilimjia kama jiwe dogo ndani ya kiatu. Alilizungusha akilini huku mdomo wake ukiendelea na wake watatu wa Mzee Abduba. Kila mtu. Mimi ni mtu? Alijihesabu kwa utani, akajikuta yumo.

Kisa cha shamba kilikuwa hivi. Pale kijijini, mtu aliyepewa shamba la kulima hupanda vitu vinavyong'oka kwa msimu: mahindi, mpunga, pojo. Mti hapandi. Ukipanda mti umesema shamba ni lako, na umesema kwa sauti inayoongezeka urefu kila mwaka. Matanga ya Komora yalipokwisha, shemeji yake Tuneya alikuja akaketi mlangoni, akavua kofia, akasema kwa upole: "Shemeji, lima. Hakuna atakayekufukuza. Ila mti usipande." Kisha akanywa chai yote.

Kanze alilima. Lakini alikuwa na swali, na swali lenyewe lilikuwa la kijinga kiasi kwamba hakuweza kuliacha: je, mnazi unaweza kuota pale? Kwao mama yake, huko kusini, kila nyumba ilikuwa na minazi. Pale kijijini haukuwapo hata mmoja. Wengine walisema udongo mweusi utauozesha miguu. Wengine walisema mafuriko yatausimamia kiunoni. Wengine walisema mbona Kipini, mto unapoingia baharini, minazi ipo. Ukiwauliza nani amejaribu, wanatazama mto. Hapo ndipo palipomkera: wote walikuwa na jibu na hakuna aliyekuwa amejaribu.

"Miaka sita, saba, kungoja nazi!" Nelly, jirani yake wa meza sokoni, alimcheka siku moja. "Si ununue tu, dada? Zinaletwa kila Jumanne."

"Nazi zinauzwa. Kujua kunauzwa wapi?"

"Na ukifa huo mnazi?"

"Utakuwa umekufa wangu."

Nelly alimtazama vile watu wanavyomtazama aliyekunywa dawa bila kula.

Basi hilo ndilo lililokuwa mezani siku ile, ingawa kwenye fomu ya afisa liliitwa kwa jina refu zaidi. Jina litakaloandikwa kwenye shamba la Komora ndilo litakaloamua kama Kanze anaweza kuchimba shimo la mnazi bila kumwomba mtu ruhusa, au atapanda pojo za kuruhusiwa mpaka azeeke.

"Anayefuata," alisema chifu.

Tuneya alisimama.

Alikuwa mtu nadhifu, shati limepigwa pasi mpaka mikono inakata. Kwa kazi ya Kanze, hakuna msemaji aliyekuwa rahisi kumzidi. Alisema kwa Kipokomo, sentensi fupi fupi, akitulia baada ya kila moja, kama fundi anayempa msaidizi misumari mmoja mmoja. Kabla ya kuanza, aligeuka nusu akamnong'oneza: "Shemeji, usinikasirikie. Ni mambo ya ukoo tu. Wewe sema sawasawa."

"Lini nimesema ovyo?" alinong'ona Kanze.

Akachukua nafasi yake, nusu hatua nyuma.

"Shamba la marehemu Komora ni shamba la baba yetu," alisema Tuneya, na Kanze akalisema kwa Kiswahili. "Sasa mimi ndiye niliyebaki. Naomba liandikwe kwa jina langu."

Hata mtoto aliyekuwa akilia upande wa tangi aliona afadhali asikilize.

"Yupo mjane wa ndugu yangu," Kanze aliendelea, macho kwenye mlingoti. "Sina ugomvi naye. Ni mwanamke mchapakazi. Ataendelea kulima. Lakini yeye si wa hapa, ni wa kusini. Kesho akiolewa na mtu wa kwao, shamba la baba yetu litakuwa limetoka nyumbani."

Angeweza kupunguza. Afisa hakujua neno la Kipokomo. Lile "si wa hapa" lingeanguka njiani na nani angeinama kuliokota? Kweli, nusu ya uwanja ilielewa lugha zote mbili na ingeguna, lakini guno haliandikwi kwenye kishikwambi. Kanze alilionja wazo hilo kwa udadisi, vile mtu anavyonusa chungu cha jirani. Kisha akaliacha. Alilibeba kila neno, zima, mpaka kwa afisa, hata lile la "mchapakazi", ambalo lilimuuma kuliko mengine.

"Mwanamke huyu, mjane, yupo hapa?" aliuliza afisa, akitazama upande wa wanawake.

Wanawake wakatazamana. Kanze akatafsiri swali kwa Kipokomo, kwa sababu ndiyo kazi.

"Yupo," akajijibu kwa Kiswahili.

"Wapi?"

"Hapa."

"Hapa wapi?"

"Hapa ninaposimama, madam."

Afisa alichungulia nyuma ya bega la Kanze kuona nani amejificha. Hakukuwa na mtu, ila kiti cha plastiki na soda yake.

"Haya," afisa alisema polepole, kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. "Kuna anayepinga?"

Kanze aliuliza kwa Kipokomo: kuna anayepinga? Akauliza kwa Kiorma: kuna anayepinga? Alingoja kidogo, kama ilivyo haki ya kila upande. Kisha akauinua mkono wake mwenyewe, nao ukaonekana mgeni huko juu.

"Napinga," alisema.

Hapo ndipo kijiji kizima kilipokosea. Vichwa mia vikageuka kumtafuta mwenye neno. Wazee wa Kipokomo wakawatazama Waorma. Waorma wakawatazama Wagiriama. Mama mmoja akamsukuma mumewe: ni wewe? Mumewe akaapa si yeye. Chifu alisimama kabisa.

"Mwenye kupinga asimame aonekane," alisema. "Asijifiche nyuma ya mkalimani."

Tuneya naye alikuwa akitazama huku na huku, uso umechanganyikiwa kwelikweli. "Shemeji, unamsemea nani?"

"Namsemea Kanze."

"Kanze yupi?"

"Huyu aliyekupikia chai."

Kicheko kilianzia upande wa tangi, kikavuka uwanja, kikafika kwenye mlingoti na kufa, maana wazee walikuwa wameshaelewa na hawakukipokea.

Afisa alipekua kitu kwenye kishikwambi kwa kidole. "Mama, kuna shida. Mkalimani hatakiwi kuwa na maslahi kwenye shamba linalozungumziwa. Ni kanuni. Ama utafsiri, ama udai. Viwili haviwezekani."

"Nikidai, nani atatafsiri?"

"Hilo si langu."

Kanze alimtazama chifu. Chifu alitazama saa. Ndipo alipofanya jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka kumi na mmoja: alirudi nyuma hatua tatu akakikalia kiti cha plastiki. Kilikuwa cha moto, jua lilishakihamia. Akainua mkono akiwa amekaa, kama wengine wote.

"Mama mwenye leso ya manjano," alisema afisa.

Kanze alisimama. Na hapo, kwa mazoea, akarudi nusu hatua nyuma, akangoja aliye mbele yake aanze.

Mbele yake hapakuwa na mtu. Palikuwa na nyasi, na njiwa mmoja aliyekuwa akidonoa kitu.

"Mimi," alisema. Mwanamke aliyewahi kueleza kuhasiwa kwa madume bila kumeza mate sasa alikuwa hana la kushika. Maneno ya watu yalikuwa na mpini. Haya yake yalikuwa mapya, hayajafungwa. "Mimi nalima pale. Miaka minane. Kabla ya hapo nililima na Komora, miaka kumi na miwili. Sijaolewa na sina mchumba. Kama mtu amemwona anijulishe, nami nimjue." Wanawake wakaguna kwa furaha. "Shemeji amesema kweli, sikuzaliwa hapa. Lakini jembe langu limezeekea hapa. Yeye anasema nitaendelea kulima. Asante. Sitaki kuendelea kwa ruhusa. Nataka kupanda mnazi."

"Mnazi?" alisema chifu.

"Mnazi."

"Hapa hauoti," zikasema sauti kama saba.

"Hilo ndilo nataka kujua!" Kanze alipandisha sauti kwa mara ya kwanza, na ilimshangaza yeye mwenyewe ilivyokuwa nene. "Usipoota, uchekwe mnazi wangu. Ukiota, mtakuja kuuomba kivuli. Lakini uwe wangu, hata wa kuoza."

Akaketi. Akakaza fundo la leso kiunoni.

Tuneya alijibu kwa Kipokomo, maneno marefu safari hii, na alipotulia uwanja mzima ukamtazama Kanze kwa mazoea. Kanze aliibana midomo. Tuneya akatambua, akajifuta jasho na kurudia mwenyewe kwa Kiswahili, akitafuta neno baada ya neno. Kwamba haupingi mnazi. Kwamba analinda jina la baba. Kwamba hana ubaya na mtu. Yalitoka madogo kuliko yalivyoingia, na Kanze, Mungu amsamehe, alimhurumia: angemtafsiria vizuri zaidi.

"Majirani wa mpaka wanasemaje?" aliuliza afisa. "Shamba limepakana na nani?"

Upande mmoja lilipakana na mto, nao haukuhudhuria. Upande wa pili lilipakana na shamba la Tuneya mwenyewe. Upande wa tatu ni malka, na ng'ambo ya malka ni shule. Mwalimu mkuu alisimama kusema amehamia Januari na bado anatafuta choo cha walimu kilipo. Ikabaki malka.

Mzee Abduba alisimama, goti baada ya goti. Akaanza kwa Kiorma, sauti nzito ya mtu asiyeharakishwa, na akatulia mahali pake pa kutulia.

Hakuna aliyetafsiri.

"Mama hawezi," alisema afisa. "Ni ushahidi wa shamba lake. Kuna mwingine anayejua Kiorma vizuri?"

Vijana wa Kiorma walikuwepo, lakini walitazama viatu vyao. Nani angethubutu kuyashika maneno ya mzee mbele ya wazee akayavunja? Mzee Abduba alimtazama Kanze. Kanze alitikisa kichwa, kidogo tu. Mzee akautoa mswaki wa kijiti aliokuwa ameubana shavuni, akaukagua kama ndio wenye makosa, akauweka mfukoni.

"Mimi," alisema kwa Kiswahili, "Kiswahili yangu kidogo. Ya kuuza maziwa."

Uwanja uliguna. Watu walioishi naye tangu utoto hawakuwa wamemsikia akisema ardhi kwa lugha ile.

"Ng'ombe yangu iko na kichwa mbaya. Inapita malka, inaona pojo, inaingia. Inakula. Mwaka ya kwanza, Komora nakufa, inakula. Mimi nasema, wacha niende niseme pole. Nakwenda kwa nani? Nakwenda kwa huyu." Fimbo ikamwonyesha Tuneya. "Huyu nasema: hiyo hapana yangu, enda kwa mama."

Mtu mmoja upande wa mlingoti akamwigiza, "Enda kwa mama!" na wengine wakacheka. Shingo za vijana wa Kiorma zilikakamaa. Mzee hakugeuka.

"Cheka. Mimi ngoja." Akangoja kweli, mpaka kicheko kikaona aibu. "Nakwenda kwa mama. Mama napiga mimi mdomo mpaka jua nalala. Mimi naleta maziwa, kibuyu moja. Mwaka ya pili, ng'ombe inaingia. Nasema pole kwa mama. Mwaka ya tatu. Mwaka ya nne. Mwaka ya tano hapana, mwaka ya tano maji ilikuwa mingi, hakuna pojo, hakuna ng'ombe. Mwaka ya sita, tena. Pole yote mimi napeleka kwa huyu mama. Kwa Tuneya mimi sijapeleka pole hata moja. Yeye hajakuja kuuliza, pole yangu iko wapi?" Akaegemea fimbo. "Sasa leo nasikia shamba yake. Basi mimi nilikuwa nasema pole kwa mtu bure?"

Akaketi. Hakuna aliyecheka tena. Kanze alikuwa ameinama, akiitazama leso yake. Miaka yote ile alikuwa amemsemea mzee huyu maneno mazuri, yaliyonyooka, na hakuna hata moja lililowahi kusimama vile.

Afisa alimgeukia Tuneya. "Ni kweli ulimwambia aende kwa mama?"

Siku hiyo ya ng'ombe walikuwa wawili tu, Tuneya na mzee. Angesema hapana, na ingekuwa neno la mtu kwa neno la mtu. Tuneya alikunjua mkono wa shati, akaukunja tena palepale.

"Nilimwambia," alisema. "Pojo zilikuwa zake. Ardhi ni habari nyingine."

"Nitaandika vyote viwili," alisema afisa. Kidole chake kikagonga kioo mara nyingi. "Una siku sitini kuleta pingamizi Hola. Kwa leo, naandika anayelima na anayeishi. Mama, wewe nina jina lako kama 'mjane wa marehemu'. Jina kamili nani?"

"Kanze Kaingu."

"Rudia."

"Kanze. Kaingu ni baba yangu."

Alilirudia polepole, herufi kwa herufi, na hakukuwa na mtu wa kulipelekea lugha nyingine.

Baraza lilipokatika kwa chakula, walikwenda kupima. Chifu alitangulia. Tuneya alikuja nyuma kabisa, mikono mgongoni, hakukasirika wala hakufurahi, alikuja tu kuona. Mzee Abduba alibaki kwenye malka na goti lake. Viatu vyeupe vya afisa vilikuwa vimeshasalimu amri, na mwenyewe aliacha kuviangalia.

"Shika," alimwambia Kanze, akimpa kishikwambi. "Tembea kwenye mpaka wako wote. Kitachora kila unapopita."

"Nikikosea?"

"Kitachora ulivyokosea. Kwa hiyo usikosee."

Kanze alitembea. Alipita kando ya malka, kwato zimechimba udongo kama kinu. Alipita kwenye tuta la Tuneya, akaangalia asilikanyage. Mstari mwembamba ulikuwa ukijivuta nyuma yake kwenye kioo, kijani, kama uzi unaofumuka. Kila baada ya hatua chache alisimama kuutazama. Alisogea pembeni kwa makusudi, kidogo tu, na mstari ukasogea pembeni. Akarudi, ukarudi.

"Mama, si mchezo huo," alisema afisa, lakini alikuwa anatabasamu.

Walipofika upande wa mto, Kanze aliganda. Mto ulikuwa chini huko, hatua kama arobaini, kahawia, ukienda zake. Yeye alikuwa amesimama kwenye mchanga mkavu uliopasuka. Ila kwenye kioo ilikuwa tofauti.

"Hii nukta nyekundu ndiyo mimi?"

"Ndiyo wewe."

"Mbona nimesimama majini?"

Zipporah alikuja akachungulia. Kweli, kwenye ramani mto ulipita palepale, mpana, wa buluu, na Kanze alikuwa katikati yake. "Picha ni ya zamani," alisema. "Mto umehama tangu hapo."

"Sasa hapa nilipo ni nchi kavu au ni maji?"

"Kwa macho yangu ni nchi kavu. Kwa ramani sijui." Afisa aliutazama mto, kisha kioo, kama mtu aliyepewa mashahidi wawili wasiokubaliana. "Wewe tembea mpaka unapojua ni mwisho. Tutaona kitachora nini."

Kanze alitazama miguu yake. Ilikuwa mikavu, ina vumbi mpaka vifundoni. Akapiga hatua kuelekea kingo. Nukta ilibaki pale kwenye buluu, kama haijaamini, kisha ikasogea. Akapiga nyingine. Akasimama, kioo mbele ya uso, akaingoja nukta imfikie.